UZI: Wayahudi waliosali kama Masufi, Misri ya karne ya 13

#1 Karani wa Ngamiani

Salaam wakuu.

Huu uzi nimeuandaa siku nyingi na ni mrefu. Mwenye haraka apite, mwenye nafasi avute kiti.

Babu yangu mzaa baba, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa tarika ya Qadiria, njia ya Kisufi, pale Tanga. Chini ya kitanda chake kulikuwa na debe la bati lililowahi kuwa la biskuti. Humo alitia kila karatasi iliyochanika yenye jina la Mwenyezi Mungu: kurasa za juzuu zilizoliwa na mchwa, kipande cha kalenda chenye Bismillahi, hata bahasha ya barua ya harusi. Ole wako akukute umeitumia karatasi hiyo kufungia maandazi. Debe likijaa tunazika. Nilikuwa na miaka 9 nilipomsaidia kuchimba shimo mara ya kwanza, nyuma ya nyumba, chini ya mwarobaini. Alizipanga karatasi shimoni kwa mkono wake, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

Nimekuja kusoma ukubwani kwamba Wayahudi nao wana debe hilo. Wanaliita geniza. Katika sinagogi la Ben Ezra, Fustat, ambayo leo ni Kairo ya kale, kulikuwa na chumba cha kutupia karatasi zisizofaa tena kusomwa. Zilirundikana humo karne kwa karne, na hewa kavu ya Misri ikazitunza. Mwanazuoni Solomon Schechter wa Cambridge alifika mwishoni mwa 1896, akapewa ruhusa, akaondoka na vipande vinavyokaribia 200,000. Kuna mikataba ya ndoa, hesabu za wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, mazoezi ya watoto wanaojifunza herufi. Na kuna maandishi ya Masufi wa Kiislamu, yaani watu wa dhikri na kuusafisha moyo. Beti za al-Hallaj zimo. Maneno ya al-Ghazali yamo. Kiarabu ni kile kile, ila kimeandikwa kwa herufi za Kiebrania. Maana yake kuna Myahudi alikaa chini, akachovya kalamu, akanakili kwa mkono mstari baada ya mstari kitabu cha shehe wa Kiislamu ili kikae nyumbani kwake.

Nilipofika hapo nikaweka kitabu pembeni, nikamkumbuka babu na debe lake.

Sasa mtu ninayetaka tumzungumze. Anaitwa Abraham Maimonides, kwa Kiarabu Ibrahim bin Musa bin Maimun. Alizaliwa 1186, akafariki 1237. Baba yake ndiye Musa bin Maimun, yule mwanasheria na mwanafalsafa mkuu wa Kiyahudi aliyekuwa pia tabibu. Baba alipofariki Desemba 1204, kijana huyu hajatimiza hata miaka 20, akaukalia uongozi wa Wayahudi wa Misri yote. Kazi yake ya mkate ilikuwa utabibu. Ibn Abi Usaybia, Mwislamu aliyeandika tabaka za matabibu na aliyefanya kazi naye hospitali moja pale Kairo, anamweleza kuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye maneno mazuri na tabia ya kupendeza.

Kiongozi huyu akiingia sinagogini Ijumaa jioni alikuta nini? Watu wameegemea mito ukutani, huyu anatazama huku, yule kule, wengine wanapiga soga sala ikiendelea. Akitoka nje, anawaona Masufi: safu zimenyooka, macho chini, paji la uso ardhini, mtu analia usiku peke yake kwa kumhofu Mola wake. Wengi wetu tukiona hivyo tungetafuta kasoro ya jirani ili roho zetu zitulie. Yeye akaandika, katika kitabu chake kikubwa cha Kiarabu, *Kifayat al-Abidin*, kwamba Masufi wa Waislamu wamezishika njia za manabii wa Israeli kuliko Israeli wenyewe.

Rudieni kuisoma sentensi hiyo. Anayesema ni raisi wa Mayahudi, mwana wa Maimuni.

Hakuishia kusema. Alitaka watu wake wanawe miguu pamoja na mikono kabla ya sala. Wasimame kwa safu wakiielekea Yerusalemu. Wapige magoti na wasujudu. Wanyanyue mikono katika dua. Wasimame usiku, wafunge, na mwenye uwezo aingie khalwa, ajitenge peke yake kwa ibada. Hoja yake kila mara ilikuwa moja: mambo haya ni yetu, tumeyasahau, tumeyakuta kwa jirani. Makuhani walinawa mikono na miguu, soma Kutoka 30. Danieli alipiga magoti mara tatu kwa siku akiielekea Yerusalemu. Zaburi ya 95 inatuita tusujudu na tupige magoti. Na Sufi anapomvika mwanafunzi joho lake, Abraham aliona pale Eliya akimtupia Elisha vazi lake shambani.

Nitaendelea. Karibuni kwa maswali.

#2 Msafiri 77

Nimeweka kambi hapa. Mkuu tiririka.

#3 Bin Mzee wa Malindi (Unguja)

Assalaam aleykum maalim. Nimesoma kwa utulivu na nina swali la adabu tu. Je, wenzake walimkubalia? Kwa sababu hapa kwetu mtu akibadilisha hata mahali pa kuweka mikono katika sala msikiti unagawanyika. Naona taabu kuamini kuwa Mayahudi wa Misri waliambiwa "sujuduni" wakasujudu.

#4 Karani wa Ngamiani

Waaleykum salaam shehe wangu. Umegonga penyewe.

Walimpinga, tena vikali. Neno walilolitumia unalijua: bidaa, uzushi katika dini. Kwao kulikuwa na andiko la kushika, Mambo ya Walawi 18:3, Waisraeli wasiende katika desturi za mataifa. Wakasema huyu anatuingizia desturi za Waislamu sinagogini. Na hawakubaki kunung'unika ndani kwa ndani, walimshitaki kwa Sultani al-Malik al-Adil, nduguye Salahuddin. Fikiria jambo lenyewe: Wayahudi wanampelekea mtawala Mwislamu malalamiko kwamba kiongozi wao anasali kama Mwislamu. Dola ilikuwa na sera kwamba dhimmi, yaani Wayahudi na Wakristo walio chini ya dola ya Kiislamu, waachwe katika dini yao ya kale, wasizue mapya ndani yake, kwa hiyo shitaka lilikuwa na meno. Abraham akajibu kwa maandishi, yakiwa na sahihi za watu wapatao 200, kwamba hamlazimishi mtu, na kwamba anayoyafanya anayafanya katika chumba chake cha sala pamoja na wanaotaka.

Jibu lake la kisheria mimi nalipenda sana. Alisema jambo ambalo asili yake iko katika Torati haliachwi eti kwa kuwa watu wengine nao wanalifanya. Ungeacha mangapi? Waislamu wanamwamini Mungu mmoja. Na hilo nalo utaliacha ili usifanane nao?

Hakuwa peke yake, asionekane mtu wa ajabu aliyezuka. Alikuwapo mwenzake Abraham he-Hasid, aliyefariki 1223, na kundi zima la watu waliojiita hasidim, wacha Mungu. Wasichanganywe na Hasidim wa Ulaya Mashariki, wale wa makoti meusi, walioanza karne ya 18. Majina yamefanana, historia mbali mbali.

#5 Mchungaji wa Kyela

Bwana asifiwe wapendwa. Mleta mada umeandika vizuri ila nina shaka ya kiroho na sitaificha. Mtu akichota ibada kwa jirani, anachota na imani ya jirani. Huwezi kuchukua mtungi ukaacha maji. Israeli walipoiga mataifa tunajua kilichowapata, ndama, Baali, hadi uhamishoni. Je, Abraham huyu hakuliona hilo? Naomba usinielewe vibaya, nauliza kwa upendo.

#6 Karani wa Ngamiani

Mchungaji, hujakosea kuuliza, na nitakujibu kwa urefu kidogo kwa sababu hapa ndipo moyo wa uzi.

Kwanza sheria ya Kiyahudi ilivyomtazama jirani huyo. Baba yake, Musa bin Maimun, aliulizwa na mtu aliyebadili dini akawa Myahudi, jina lake Obadia, kama Waislamu ni waabudu sanamu. Akajibu wazi: sio, wanampwekesha Mungu upweke usio na kasoro. Na aliyesema hivyo si mtu aliyedekezwa na dola za Kiislamu. Familia yake ilikuwa Córdoba walipoingia Muwahidun mwaka 1148, wakali waliowapa Wayahudi na Wakristo shida kubwa ya kuchagua kati ya dini na uhai. Walihama miaka, wakapita Fez, hadi wakatulia Misri. Alikuwa na kila sababu ya kusema neno baya. Kwa hiyo kwa mwanawe, kuchota kwa Masufi hakukuwa kuchota kwa Baali.

Pili, jambo hili lilikuwa limeanza zamani. Karibu mwaka 1080 huko Hispania, jaji wa Kiyahudi aitwaye Bahya ibn Paquda aliandika kwa Kiarabu kitabu cha wajibu wa moyo, akisema vitabu vya sheria vimejaa wajibu wa viungo na wajibu wa moyo umesahauliwa. Mwaka 1161 Judah ibn Tibbon akaanza kukitafsiri kwa Kiebrania, na hadi leo kinasomwa katika shule za dini za Kiyahudi dunia nzima. Kina milango kumi. Mswahili yeyote aliyekaa chuoni nampa majina ya milango hiyo kama Bahya mwenyewe alivyoyaandika, aone kama anahitaji mkalimani:

Tauhidi. Itibari, yaani kuzingatia viumbe. Twaa, yaani utii. Tawakali. Ikhlasi. Tawadhui, yaani unyenyekevu. Toba. Muhasaba, mtu kuihesabu nafsi yake. Zuhudi, kuipa dunia kisogo. Mahaba.

Sijabadilisha chochote, nimezitia irabu zetu tu. Maneno haya bibi zetu wanayasema jikoni. "Nimetawakali." "Hana ikhlasi yule." Na mpangilio ule, kupanda daraja kwa daraja kuanzia tauhidi hadi mahaba, ni wa Masufi. Myahudi wa Hispania, miaka zaidi ya 900 iliyopita, aliupanda mlima huo kwa ngazi ya jirani, akafika juu akiwa bado Myahudi, na watu wake wanaipanda ngazi hiyo hadi leo bila kujua nani aliichonga.

Tatu, Mchungaji, kuhusu mtungi na maji. Hofu yako aliwahi kuwa nayo mtu mwingine, na aliiandika barua. Kesho nitaileta, inanitoa machozi kila nikiisoma na sitaki kuiparamia.

#7 Mama Neema

Kaka Karani, asante kwa darasa. Ila hadi sasa nimehesabu wanaume tu. Babu, baba, mwana, rabi, shehe, sultani. Huyo mtu akikesha usiku khalwani, asubuhi nani alikuwa anatafuta uji wa watoto?

#8 Bin Mzee wa Malindi (Unguja)

Milango kumi ile nimemsomea mama yangu, ana miaka 81. Nilipofika "muhasaba" akasema huyo alikuwa mwenzetu. Nikamwambia Myahudi. Akanyamaza kidogo akasema, soma tena.

Nyongeza kwa wasiojua: shehe Abul Hasan ash-Shadhili, ambaye tarika yake ilitufikia huku kupitia Ngazija, aliishi Iskandaria na akafariki 1258 njiani akielekea Hija. Kwa hesabu yangu ni enzi hizo hizo. Kwa hiyo hizi dhikri zetu na mambo ya hao kina Maimuni yamevuta hewa moja.

#9 Karani wa Ngamiani

Shehe umenipa zawadi, nilikuwa sijaziweka tarehe hizo pamoja. Ndiyo: mtoto wa Abraham, Obadia, alizaliwa 1228 akafariki 1265, kwa hiyo yeye na ash-Shadhili waliishi Misri moja kwa miaka. Huyo Obadia ameandika risala fupi iitwayo *al-Maqala al-Hawdiyya*, risala ya birika. Moyo ni birika. Ukitaka kulijaza maji safi, kwanza uzibe mifereji inayoleta maji machafu, ulisafishe, na hapo maji mazuri yatakuwa na mahali pa kukaa. Ukiyamwaga juu ya tope umepoteza maji. Mifereji michafu ndiyo macho, masikio na maneno yasiyo na kazi. Mtoto wa Abraham anaandika hivyo kwa watu wa sinagogi, na ukimsomea mtu wa halka yoyote ya dhikri ya Pwani atatikisa kichwa kwa kukubali.

Dada Mama Neema, swali lako ndilo barua yenyewe. Hii hapa.

Miaka zaidi ya 100 baada ya Abraham, katikati ya karne ya 14, kiongozi wa Wayahudi wa Misri alikuwa mzao wake, David ben Joshua. Siku moja akapelekewa barua na mwanamke. Jina lake yeye halimo, anajiita kijakazi wako, mke wa Basir, fundi wa njuga. Barua ilikutwa Geniza, na mwanazuoni S. D. Goitein akaichapisha mwaka 1953.

Mumewe Basir amepotelea mlimani. Nje ya Kairo kuna mlima Muqattam, na huko alikuwako shehe wa Kisufi, al-Kurani, na mafukara wake, yaani wafuasi walioiacha dunia. Basir ameacha njuga, amepanda huko, na hataki kushuka. Mke analalamika kwamba mlimani hakuna Torati wala sala yao, na kwamba wale mafukara wana sura ya dini tu, kiini hawana. Ana watoto watatu. Anasema ameelemewa na upweke na kuhangaikia chakula cha wadogo. Anaogopa atatokea mtu huko juu atakayemtoa mumewe katika dini, naye awachukue wale watoto watatu. Na Basir anamshinikiza wauze nyumba wahamie mlimani, ambako watoto hawatasoma tena Torati.

Halafu anasema anachotaka. Hamkatazi mumewe kumtafuta Mungu. Anasema akitaka kujitoa kwa Mungu, sinagogi si lipo? Aje asubuhi, alasiri na jioni, asikilize Torati. Aache kupanda mlima, awahurumie wadogo. Na ndani ya barua hiyo hiyo, yenye mambo mazito ya dini na kuritadi, anaomba pia mumewe aambiwe atafute dawa ya mtoto mdogo.

Mchungaji, hofu yako ya mtungi na maji ndiyo hii, na mwanamke huyu aliibeba tumboni kuliko wewe na mimi. Na zingatia aliyeandikiwa. David naye alikuwa mpenzi wa njia hii. Ameandika kitabu, *al-Murshid ila al-Tafarrud*, mwongozo wa kujitenga na ulimwengu, chenye lugha ya Kisufi mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo mama huyu aligonga mlango wa mtu aliyefundisha watu kujitenga, akamwambia: mume wangu amejitenga, njoo uone gharama yake.

#10 Mama Neema

Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa jikoni. Dawa ya mtoto ndiyo imenimaliza.

Nitasema kitu kuhusu nyumba yangu mwenyewe. Mume wangu aliwahi kuokoka kwa namna hiyo. Alianza mikesha Ijumaa, ikawa Ijumaa na Jumatano, ikawa mlima wa maombi wiki nzima. Duka likafungwa. Sikuwa napinga Mungu, nilikuwa napinga unga kuisha. Kila nikisema naambiwa shetani ananitumia. Huyu dada wa miaka 600 iliyopita amesema sentensi niliyoitafuta miezi minane: kama ni Mungu unayemtafuta, mbona yupo na hapa karibu na watoto?

#11 Mchungaji wa Kyela

Dada Mama Neema pole sana. Mimi ni mtumishi na nimewahi kuwapeleka watu mlimani kwa maombi. Sikuwahi kuuliza nyumbani wameacha nini. Nitauliza.

#12 Msafiri 77

Karani swali: je, Mayahudi walikuwa wanafuata tu, au na Waislamu walichota kwao? Maana naona mto unakwenda upande mmoja.

#13 Karani wa Ngamiani

Haukwenda upande mmoja, mkuu. Damascus alikuwako Sufi mkubwa, Ibn Hud, mzaliwa wa Murcia, aliyefariki mwishoni mwa karne ya 13. Wayahudi walikuwa wanakwenda nyumbani kwake kusoma *Dalalat al-Ha'irin*, kitabu cha falsafa cha Musa bin Maimun. Elewa hapo: Wayahudi wanakwenda kwa shehe Mwislamu kufundishwa kitabu cha rabi wao. Na inasimuliwa kwamba mtu akitaka kuwa mwanafunzi wake, Ibn Hud alimuuliza kwanza: kwa njia ipi, ya Musa, ya Isa au ya Muhammad? Wenzake wengi katika Uislamu walimshambulia kwa hayo, kama Abraham alivyoshambuliwa na wa kwake.

Lakini nisipake rangi. Mwaka 1301 watawala wa Kimamluki walibana sana: Wayahudi wavae vilemba vya manjano, Wakristo vya buluu, makanisa na masinagogi ya Kairo yakafungwa kwa muda. Mke wa Basir aliandika katika dunia hiyo, ambamo mtu wa kundi dogo akiingia dini ya wenye nguvu harudi, na watoto wake hawarudi. Ukimsoma ukadhani ana chuki na Waislamu utamkosea. Alikuwa anahesabu watoto wake.

#14 Wanale (Mbale)

Jambo ndugu zangu. Naandika kutoka Mbale, Uganda. Kiswahili changu ni cha sokoni, mnivumilie.

Mnazungumza Wayahudi wa Misri, mimi jirani zangu ni Wayahudi. Wanaitwa Abayudaya. Mwanzo wao ni Semei Kakungulu, jenerali Mganda aliyewapigania Waingereza akawatekea nchi za huku mashariki. Baadaye aliona wamemdharau. Aliisoma Biblia mwenyewe, akashika vitabu vya Musa, na mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe. Alifariki 1928. Watu wake wakaendelea bila rabi, kwa Biblia tu na nyimbo walizotunga. Wakati wa Idi Amin dini yao ilipigwa marufuku, wengi wakaondoka, wakawa Wakristo na Waislamu. Waliobaki walisali kwa siri.

Mchungaji amesema mtungi na maji. Hapa Nabugoye Zaburi inaimbwa kwa Luganda, kwa sauti za makwaya yetu wote. Ukipita njiani Ijumaa jioni huwezi kujua ni kanisa au sinagogi hadi usikie maneno. Mwaka 2004 mkulima wao J. J. Keki alianzisha ushirika wa kahawa, Mirembe Kawomera, maana yake amani tamu. Wanachama ni Wayahudi, Waislamu na Wakristo, kahawa inapimwa mzani mmoja. Rabi wao Gershom Sizomu alipewa urabi 2008, na mwaka 2016 tukamchagua mbunge. Kura za Wayahudi peke yake zisingetosha hata udiwani.

#15 Karani wa Ngamiani

Wanale, Kiswahili chako cha sokoni kimetupeleka mbali kuliko changu cha darasani. Asante sana.

Kuna tukio moja la karibu zaidi niliongeze, halafu nitawaachia nafasi. Oktoba 1990 marabi na wanazuoni wanane wa Kiyahudi walipanda milima hadi Dharamsala, India, kwa Dalai Lama. Yeye ndiye aliyewataka. Watu wake wako uhamishoni tangu 1959, na alitaka kujua Wayahudi waliwezaje kukaa uhamishoni karne 19 wasipotee. Wakamweleza habari za nyumbani: meza ya Pasaka, mtoto mdogo anayeuliza maswali usiku ule, sabato ndani ya kuta nne za familia. Dalai Lama alikuwa na watawa na nyumba za watawa. Meza ya familia kama darasa la dini lilikuwa jambo geni kwake, akaulizauliza sana.

Wale marabi wakakutana huko na watu wa kwao. Vijana wa Marekani na Israeli, wamezaliwa na mama wa Kiyahudi, wamenyoa vichwa, wamevaa mavazi ya watawa wa Kibudha. Walipoulizwa kwa nini, baadhi wakajibu: tulikwenda sinagogini tukitafuta namna ya kuutuliza moyo, hakuna aliyetuonyesha. Na mmoja wa wajumbe, rabi Zalman Schachter-Shalomi, aliyewahi kukaa na Masufi pia, alikaa kumweleza Dalai Lama elimu ya siri ya Kiyahudi, kabala, kuonyesha kuwa kitu hicho kilikuwapo nyumbani siku zote, kimefungiwa kabatini.

Mnamwona Basir? Ni yeye yule, mlima tu umebadilika. Na mnamwona Abraham, akihangaika kuyarudisha nyumbani mambo hayo mapema ili mtu asilazimike kupanda mlima wa jirani kuyatafuta. Mimi ndivyo ninavyomsoma. Sidhani alitaka kuwa kama Masufi. Alijua kuna kina Basir katika kila safu ya sinagogi lake, wenye kiu, na kwamba mito ile ya kuegemea haiwatoshi.

#16 Bin Mzee wa Malindi (Unguja)

Maalim, umesema kweli. Na mimi nitasema la kwetu. Kuna vijana wetu hapa wanaacha msikiti wa mtaa kwa sababu imamu anawafokea tu kila Ijumaa. Hawakimbii dini. Wanatafuta mtu wa kuwafundisha kulia.

Swali la mwisho: yale ya Abraham yalibaki? Mayahudi wa leo wanasujudu?

#17 Karani wa Ngamiani

Kwa sehemu kubwa hayakubaki, shehe. Uongozi wa ukoo wake uliisha na David, wapinzani walishinda polepole, na kitabu chake kikubwa kimetufikia vipande vipande. Wayahudi wengi leo wanasali wamesimama au wamekaa. Ila mara chache kwa mwaka, siku kuu ya toba, Yom Kippur, inapofika sehemu ya ibada inayokumbusha kazi ya kuhani mkuu hekaluni, katika masinagogi mengi watu wanapiga magoti na kuinamisha paji la uso hadi sakafuni. Wazee wanashikwa mkono kunyanyuliwa.

#18 Mama Neema

Kaka Karani, hiyo barua ya mke wa fundi njuga nimeiandika upya kwa mkono, kwa maneno yako, nimeiweka kwenye Biblia yangu. Mume wangu ameiona jana akitafuta Zaburi. Ameisoma amesimama, hakusema kitu. Leo asubuhi ameniuliza funguo za duka ziko wapi.